Kesi haijiendeshi: yanayokungoja baada ya kufungua madai kortini

Agosti mmoja, mama muuza mbao kutoka Luanda ya kaunti ya Vihiga aliingia katika ofisi ya wakili ninayofanyia ukarani hapa Kisumu. Akatoa bahasha ya kaki kwenye kiondo na kuiweka mezani kwa mikono miwili. Mjenzi mmoja alikuwa amechukua kwake mbao za shilingi 1,600,000 kwa mkopo, kisha akawa hashiki simu.

"Mwanangu," akaniambia, "nilipeleka kesi kortini mwezi wa tatu. Mpaka leo sijaitwa. Au hakimu ameikataa?"

Hakimu hakuwa ameikataa. Hakimu hakuwa hata ameiona. Hati ya madai ilikuwa imepokelewa vizuri, ada imelipwa, na samansi ya kumwita mjenzi imetiwa sahihi na muhuri mwezi ule ule wa tatu. Ilikuwa imelala hapo miezi mitano. Hakuna aliyeichukua, hakuna aliyempelekea mjenzi, naye mjenzi akaendelea na maisha yake bila kujua kwamba ameshtakiwa.

Watu wengi hujikuta alipojikuta mama huyu, wala si kwa uzembe. Kesi ambazo wengi wetu tumeziona kwa karibu ni za jinai: mtu ameibiwa, anaandikisha taarifa polisi, na kuanzia hapo serikali ndiyo inayoisukuma kesi. Mlalamishi hungoja kuitwa kutoa ushahidi. Kesi ya madai haiendi hivyo. Ya deni, ya mkataba uliovunjwa, ya ajali, ya mpaka wa shamba, zote husukumwa na mwenyewe. Mahakama hukupa mlango na muda tu. Ukikaa kimya nayo hukaa kimya, mpaka siku itakapokufungia faili.

Na sheria yetu ya Kenya haimbembelezi anayekaa kimya. Kanuni za Mwenendo wa Kesi za Madai za mwaka 2010 zinasema samansi isipochukuliwa ndani ya siku 30 tangu itolewe, au tangu ujulishwe kwamba iko tayari, kesi inakufa. Ukishaichukua, ina uhai wa miezi 12 tangu itolewe, na baada ya hapo lazima uombe mahakama iongeze muda. Kesi ya mama ilikuwa imeshakufa yeye akiwa bado anaingoja. Bahati yake ni kwamba deni la mkataba lina miaka 6 ya kudaiwa kortini, na mbao zilichukuliwa miaka miwili tu nyuma. Tulifungua upya. Angekuwa anadai fidia ya ajali, ambayo ina miaka 3, au ya kuchafuliwa jina, ambayo ina mwaka mmoja tu, pengine ningelazimika kumrudishia bahasha yake.

Kabla ya kuendelea, niseme jambo ambalo ningetamani kila mfanyabiashara wa soko la Kibuye hapa Kisumu au la Wakulima Nakuru alijue. Deni lako likiwa halizidi shilingi milioni moja, kuna Mahakama ya Madai Madogo, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2016. Huko mdaiwa ana siku 14 za kujibu, kanuni ngumu za ushahidi zimelegezwa, na sheria inataka shauri liamuliwe ndani ya siku 60 tangu lifunguliwe. Haishughulikii kila kitu: mashamba, kazi na kuchafuana majina havimo. Lakini kwa bidhaa ulizouza na hukulipwa, pesa ulizoshikiwa, au gari lako lililogongwa, anzia hapo. Deni la mama lilizidi kiwango hicho, kwa hiyo alibidi apite njia ndefu, kwa hakimu.

Hatua ya kwanza baada ya kufungua, basi, ni kumfikishia mwenzako samansi pamoja na nakala za ulichopeleka kortini. Kazi hiyo hufanywa na mpeleka samansi aliyeidhinishwa, na tangu mabadiliko ya mwaka 2020 inaruhusiwa pia kwa baruapepe au kwa WhatsApp, mradi iwe anwani au namba ambayo mdaiwa anaitumia kweli. Akitoroka kabisa, unaweza kuomba ruhusa ya kutangaza gazetini au kubandika samansi kwenye ubao wa mahakama na kwenye mlango wa nyumba aliyojulikana kuishi mara ya mwisho.

Hapa ndipo ninapowasihi watu wasifanye haraka wala wasibane senti. Anayepeleka samansi lazima baadaye aape kwa maandishi: alimkuta wapi, saa ngapi, alimtambua vipi, na kama hakuwa akimjua, nani alimwonyesha. Mpeleka samansi wetu alimkuta mjenzi kwenye jengo la ghorofa mbili huko Mamboleo, saa nne na dakika kumi asubuhi, akaonyeshwa na fundi wa matofali aliyekuwa chini ya ngazi. Yote aliyaandika. Mjenzi alichukua karatasi akakataa kutia sahihi, na hilo nalo likaandikwa. Laiti angeandika tu "nilimpa", mjenzi angeweza kuja baada ya mwaka mzima akadai hakuiona, na mahakama ingefuta hukumu yote turudi mwanzo. Nimeona hukumu nzuri zikianguka kwa sababu ya aya moja ya kiapo iliyoandikwa kwa kulipua.

Samansi yenyewe hutaja siku ambazo mdaiwa anapewa kujitokeza kortini, na haziwezi kupungua 10. Akishajitokeza ana siku 14 za kuleta utetezi. Asipofanya hivyo, na dai lako ni la kiasi kinachojulikana kama lile la mbao, unaomba hukumu iandikwe bila kusikilizwa. Kama dai ni la fidia isiyo na kiasi maalumu, tuseme maumivu ya mguu uliovunjika, unaandikiwa kwamba ana makosa, kisha unafika mbele ya hakimu kuthibitisha kiasi. Neno la kuzingatia ni "unaomba". Siku zinapita, yeye amenyamaza, nawe usipopeleka ombi hakuna kinachotokea. Mkihesabu siku hizo, kumbukeni pia kwamba kati ya Desemba 21 na Januari 13 kanuni husimamisha saa ya kuleta majibu. Wateja wengi huja Januari mapema na furaha kwamba mdaiwa amechelewa, kumbe bado ana wiki nzima.

Wadaiwa wengi, hata hivyo, hujibu. Na majibu yao huumiza. Jiandae kwa hilo kama unavyojiandaa kwa baridi ya Nakuru mwezi wa Julai. Utetezi wa mjenzi ulikana kila kitu aya kwa aya: hamjui mama, hajawahi kununua mbao, na kama alinunua alilipa, na kama hakulipa mbao zilikuwa mbovu. Mama aliposomewa alilia. "Ananiita mwongo, na chai amekunywa kwangu?" Nilimweleza kwamba mawakili huandika hivyo kwa mazoea, kwa sababu jambo usilolikana katika utetezi huhesabiwa kwamba umelikubali. Mdaiwa anaweza pia kukugeuzia dai, akasema yeye ndiye anayekudai wewe hasara. Likija la namna hiyo una siku 14 za kulijibu, usiliache hivi hivi ukidhani ni matusi tu.

Majibizano yakifungwa, huja kipindi ambacho huwachosha watu kuliko vyote, nacho ni kipindi cha kupanga. Mahakama inataka orodha ya mashahidi, maelezo yao yaliyoandikwa na kutiwa sahihi, na nakala za hati zote zenye namba za kurasa. Ukiwa na shamba linalotaka kuuzwa au nyumba inayotaka kubomolewa, ndipo pia unapopambania amri ya kuzuia. Amri hiyo, kwa kawaida, hulegea yenyewe kesi isipomalizika ndani ya miezi 12, isipokuwa mahakama iseme vingine.

Kesi inaweza pia kupelekwa kwenye upatanishi ulio chini ya mahakama. Mpango huu ulianza Nairobi mwaka 2016 na umeenea hadi huku kwetu, na umesimama juu ya kifungu cha 159 cha Katiba kinachozitaka mahakama kuhimiza njia nyingine za kusuluhisha migogoro. Mnaketi chumbani na mpatanishi, bila joho wala kizimba, na mnayoyasema humo hayawezi kutumiwa dhidi yenu baadaye. Mkikubaliana, makubaliano hupelekwa kortini yawe amri kamili. Baadhi ya watu huuona kama ujanja wa kuwachelewesha. Mimi sikubaliani nao. Kesi ya ndugu wawili wa Maragoli waliogombania robo ekari niliiona ikimalizika humo kwa vikao viwili, nao wakaondoka kwa matatu moja. Kwa mama wa mbao haukuzaa kitu: mjenzi alikuja akaahidi kulipa "mambo yakikaa sawa", akakataa kutaja tarehe. Lakini pale alikuwa amekiri mbele ya mama kwamba anamjua, na japo hatukuweza kulitumia kortini, mama alirudi nyumbani akiwa ameinuka kichwa.

Sasa tarehe. Kuna kutajwa kwa kesi na kuna kusikilizwa kwa kesi. Usipotofautisha hayo mawili utapoteza pesa nyingi sana za nauli. Kesi inapotajwa, hakimu anataka kujua imefika wapi: hati zimekamilika, mpatanishi ameripoti, tarehe ipi inafaa. Huchukua dakika chache, na siku hizi mara nyingi hufanywa kwa mtandao. Hakuna shahidi anayehitajika. Nimemwona mzee kutoka Ugunja akishuka Kisumu na mashahidi wanne waliovaa suti, kwa siku ya kutajwa. Waliketi kwenye benchi la nje tangu saa mbili, jina la kesi likaitwa, tarehe ikatolewa, wakaambiwa waende. Kila unapopewa tarehe uliza wazi: ni ya kutajwa au ya kusikilizwa?

Siku ya kusikilizwa nayo inaweza kuahirishwa. Hakimu yuko likizo au mafunzoni, wakili wa upande wa pili ana kesi nyingine Mahakama Kuu, shahidi amefiwa. Hilo litakutokea angalau mara moja, pengine mara tatu. Usilichukulie kama ishara kwamba umehujumiwa. Lakini wewe usikose kufika, kwa sababu mdai asipotokea na mdaiwa yupo, kesi inaweza kufutwa papo hapo. Kesi isiposogezwa hatua yoyote kwa mwaka mmoja, mahakama inaweza kukuita ueleze kwa nini isifutwe, na kwa mabadiliko ya 2020, ikipita miaka miwili imejifuta. Tangu Machi 2024 kufungua kesi na kupeleka hati kwa mtandao kumeenezwa katika mahakama za nchi nzima, na hivyo kufuatilia faili hakuhitaji tena safari kila wiki. Bado, wiki mbili zisikupite bila kumuuliza wakili wako au masijala kesi imefikia wapi.

Ukisimama kizimbani, hakimu hataki kusikia kwamba wewe ni mtu mwema. Anataka kuona. Katika kesi ya madai kipimo si kuondoa shaka yote kama katika jinai. Kinachotakiwa ni kwamba maelezo yako yawe na uzito kuliko ya mwenzako, na mzigo wa kuthibitisha uko kwa anayedai. Mama alikuwa na kitabu cha mistari chenye jalada la bluu alichoandikia kila mzigo: tarehe, urefu wa mbao, idadi, namba ya lori, na kando yake sahihi ya aliyepokea. Kurasa mbili zilikuwa na doa la mafuta ya taa. Wakili wa mjenzi alimshika kwenye doa hilo kwa karibu robo saa, akidai kitabu kimetengenezwa juzi. Mama alijibu kwa Kiswahili, lugha inayoruhusiwa katika mahakama za chini ingawa kumbukumbu huandikwa kwa Kiingereza, akaeleza koroboi ilivyoanguka. Kisha akafungua ukurasa ambao mjenzi mwenyewe alikuwa amejumlisha hesabu kwa mwandiko wake. Maswali yaliisha hapo.

Kama ushahidi wako uko kwenye simu, jumbe za WhatsApp au za malipo, usitegemee kuzichapisha tu. Kifungu cha 106B cha Sheria ya Ushahidi kinataka cheti kutoka kwa mtu aliyehusika, kinachoeleza zilitolewa kwenye kifaa gani na namna gani. Ni karatasi moja. Nimeona watu wakikataliwa ushahidi wa kweli kabisa kwa kukosa karatasi hiyo.

Baada ya ushahidi, mawakili huandika hoja zao, na hakimu anatakiwa kutoa hukumu ndani ya siku 60. Mama alishinda, akapewa na riba na gharama za kesi, maana kwa kawaida anayeshindwa hubeba gharama za mshindi. Hilo likumbuke hata kabla ya kufungua: ukishindwa, utamlipa uliyemshtaki. Kwa habari ya gharama, wakili akikwambia msilipane sasa ila mtagawana asilimia fulani mkishinda, jua kwamba Sheria ya Mawakili haikubali mapatano ya namna hiyo. Asiye na uwezo kabisa anaweza kuuliza Huduma ya Kitaifa ya Msaada wa Kisheria, iliyoundwa mwaka 2016, au kuomba mahakama imruhusu kushtaki kama fukara bila ada.

Siku ile mama aliimba ngazini. Nilisita kumwambia, lakini nilimwambia, kwamba hukumu haileti pesa. Mjenzi ana siku 30 za kukata rufaa Mahakama Kuu, na akitaka utekelezaji usimame, lazima aombe na kwa kawaida aweke dhamana. Asipolipa wala kukata rufaa, mwenye hukumu ndiye anayerudi tena kortini, anaomba amri, anaipeleka kwa dalali aliye na leseni. Dalali hufika, huorodhesha mali, na kumpa mdeni siku 7 za kulipa kabla ya kuibeba. Hawezi kubeba nguo za lazima, vyombo vya kupikia wala kitanda na matandiko. Unaweza pia kushika pesa zilizo benki kwa jina lake. Mdeni mwenye uwezo anayekaidi anaweza kuitwa ajieleze kwa nini asifungwe jela ya madai, ila wewe ndiye unayelipia chakula chake humo. Anayeidai serikali, ya kitaifa au ya kaunti, hana dalali kabisa: sheria inakataza mali ya serikali kukamatwa, kwa hiyo huenda Mahakama Kuu kuomba afisa husika aamriwe kulipa.

Ugumu wa kwetu magharibi ni mali yenyewe. Mtu anaonekana tajiri kijijini, ana ng'ombe, ana shamba la miwa, lakini hati ya shamba bado ina jina la babu aliyekufa miaka arobaini iliyopita na hakuna aliyefungua mirathi. Huwezi kuuza shamba la marehemu kwa deni la mjukuu. Gari la kubebea vifaa la mjenzi lilikuwa kwa jina la kaka yake. Dalali alipoliandika, kaka alifika kortini na kitabu cha gari, likaachiliwa. Ndiyo maana siku hizi mtu akija kwetu kufungua kesi ya deni, wakili wangu huuliza mapema kabisa: huyu unayemshtaki ana nini kwa jina lake? Tunatafuta kwenye ofisi ya ardhi na kwenye usajili wa magari kabla ya kulipa ada hata moja.

Utafutaji huo ulituonyesha kwamba mjenzi ana lori la zamani kwa jina lake mwenyewe. Dalali aliliorodhesha Jumatatu likiwa limepakia mchanga. Ijumaa, ikiwa ni siku ya tano kati ya zile saba, mjenzi aliingia ofisini na shilingi 400,000, akaomba zilizobaki alipe 100,000 kila mwezi. Mama aliitwa kutoka Luanda, akasikiliza, akafikiri kwa muda, akakubali kwa sharti kwamba iandikwe na kupelekwa kortini kama maafikiano, na kwamba akikosa mwezi mmoja dalali arudi bila kesi nyingine. Wote wawili walitia sahihi. Ulikuwa umepita mwaka mmoja na miezi minane tangu tufungue upya.

Kisha mama akatoa kile kitabu cha bluu kwenye kiondo, akafungua ukurasa mpya, akamsogezea mjenzi kalamu. "Andika tarehe," akamwambia, "na pesa ulizoleta leo. Tia sahihi hapa kando, kama ulivyokuwa ukitia."